Kijani Kilichokuwa Manjano: Historia Ndani ya Kopo la Rangi

Testi zimeisha, bumu halijaingia, kwa hiyo leo muda wa kuandika upo. Mnajua mwenzenu nasoma historia hapa Mlimani, na mtu akisikia historia anadhani ni kukariri miaka ya mikataba tu. Leo tuongee rangi. Ndiyo, rangi ya kopo, tena ya kupaka vichwa vya treni vya mvuke, vile vidogo ambavyo watu wazima wanaunda na kuviweka kabatini.

Mwenzangu wa chumba ametumiwa na shemeji yake aliyeko Uingereza modeli ya injini inayoitwa Terrier. Ni vipande vya chuma vya kuunganisha mwenyewe, kipimo 1 kwa 76, urefu kama sentimita 10 hivi. Ameshaiunganisha, imebaki rangi. Karatasi ya maelezo inasema rangi yake ni "kijani cha injini kilichoboreshwa". Picha kwenye boksi inaonyesha injini ya manjano iliyokolea, kama mchuzi uliozidi binzari. Akaniuliza: sasa we mwanahistoria, ninunue kopo gani?

Swali hilo limewagombanisha wenye modeli kwa miaka mingi. William Stroudley alichukua uongozi wa injini za reli ya London, Brighton na South Coast mwaka 1870, na Terrier za kwanza zikatoka mwaka 1872. Injini zake za abiria zilikuwa manjano, hilo halina ubishi. Lakini yeye na kampuni yake waliiita rangi hiyo kijani, tena kijani kilichoboreshwa. Injini za mizigo ndizo zilipakwa kijani kweli, cha giza.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba Stroudley hakuwa anaona rangi vizuri. Mimi siinunui. Sawa, yeye hakuona. Na mafundi wote wa karakana ya Brighton je? Wakurugenzi je? Abiria waliopanda kila siku? Naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba jina lilikuwa jina tu, la kuwaambia wakubwa kwamba kijani cha zamani kimepata mrithi.

Basi nikamwambia tuachane na jina, tutazame picha za zamani. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Sahani za picha za miaka ile zilikuwa zinaona buluu vizuri sana, manjano kidogo, na nyekundu karibu haziioni kabisa. Kwa hiyo kitu cha buluu kinatoka cheupe, na injini ya manjano inatoka nyeusi nyeusi! Mtu akiitazama picha huku kichwani ana neno "kijani", ataapa kwamba ameona kijani. Halafu kuna ujanja mwingine: viwanda vingi vilikuwa vinapaka injini mpya rangi ya kijivu kwa ajili ya picha rasmi tu, maana kijivu kinaonyesha kila mstari. Picha ikishapigwa, inapakwa rangi yake na kwenda kazini. Picha ni safi kabisa, ya kiwandani, na rangi iliyomo ndani yake haikuwahi kuvuta behewa hata moja.

Twende kwenye injini yenyewe, basi. Gladstone, ya mwaka 1882, ipo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Reli kule York. Ilistaafu mwaka 1927, ikanunuliwa na chama cha wapenzi wa injini, ikapakwa tena manjano ya Stroudley. Kabla ya hapo reli hiyo ilikuwa imeshahamia kwenye rangi ya kahawia, chini ya D. E. Marsh aliyeingia mwaka 1905. Kwa maana hiyo manjano unayoiona leo ni ya mtu aliyekuja baadaye, kwa jinsi alivyoamini. Na hata rangi ya kwanza ingebaki, vanishi za zamani zinageuka njano zikizeeka, buluu inaelekea kijani, na moto wa boila nao una mambo yake.

Kumbe anayenunua kopo anaandika historia bila kujua. Anachagua ushahidi upi auamini, kama sisi kwenye semina.

Tukaja kwenye kupaka. Kwanza kuosha modeli kwa sabuni, mafuta ya vidole yasibaki. Manjano ni rangi dhaifu, haifuniki, kwa hiyo chini yake weka rangi ya awali nyeupe au kijivu cha mwanga. Ukianza na nyeusi utapata tope. Paka nyembamba, mara nyingi. Piga hesabu: tabaka la milimita 0.05, ukizidisha mara 76, ni karibu milimita 4 kwenye injini halisi. Yaani umeipiga plasta! Na kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi ileile, kwa hiyo wengi huongeza tone la nyeupe. Akapaka kipande cha bati kwanza, tukakitazama chini ya taa ya chumbani, kisha nje juani. Zilikuwa rangi mbili tofauti, jamani. Amechagua ya juani.

Huku kwetu je? Injini 34 za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa reli ya Afrika Mashariki, zilikimbia kati ya Mombasa na Nairobi zikiwa na rangi ya damu ya mzee. Zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, zote ziko Nairobi japo milima yenyewe iko Tanzania (utani wa jadi huo, nauacha). Sasa mtu wa miaka 100 ijayo akute neno hilo tu, "damu ya mzee", atanunua kopo gani? Mzee wa umri gani?

Wenye modeli wakali wanakwangua kidogo mahali palipojificha, nyuma ya kibao cha jina kwa mfano, wanahesabu matabaka hadi kwenye chuma. Dawa ya pili ni watu. Kama kwenu kuna mzee aliyeshika brashi kwenye karakana za reli, Nairobi au Tabora, muulize walichanganya nini na nini, na kwa kipimo gani. Niandikieni hapo chini, majibu nitayaweka.