Barua ya uhamisho mbele ya majaji wa India

Januari 1991, msimamizi wa bustani katika taasisi ya serikali ya utafiti wa mimea mjini Shillong, kaskazini mashariki mwa India, alipewa barua ya uhamisho. Alitakiwa kwenda Pauri, mji wa milimani upande wa Himalaya, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kituo chake. Mkewe naye alikuwa mtumishi wa serikali kuu hapohapo Shillong. Watoto wao walikuwa wakisoma huko. Yeye mwenyewe aliwahi kuvunjika mfupa wa mgongo. Zaidi ya hayo kulikuwa na waraka wa serikali wa Aprili 1986, ulioelekeza kwamba mume na mke walio watumishi wapangiwe kituo kimoja kila inapowezekana. Mtumishi yeyote angekwambia kuwa huyu ana kesi.

Baraza linalosikiliza mashauri ya watumishi wa serikali lilimkubalia, likafuta uhamisho. Serikali ikakata rufaa. Aprili 1993, Mahakama ya Juu ya India ikampa ushindi mwajiri. Majaji walisema waraka ule ni mwongozo tu, haumpi mtumishi haki ya kuidai mahakamani. Nani ahamishwe na apelekwe wapi ni jambo la mkuu wake wa kazi kuamua. Mahakama itaingilia kati pale tu uhamisho unapofanywa kwa nia mbaya, au unapovunja kanuni yenye nguvu ya sheria.

Hukumu ile imetajwa katika mashauri mengi tangu hapo. Chanzo chake kiko mbali zaidi ya miaka ya 1990. Chini ya Waingereza, mtumishi wa serikali alishika kazi kwa muda ambao Mfalme angependa. Katiba ya India ya mwaka 1950 ililibakiza wazo hilo katika ibara ya 310, Rais akichukua nafasi ya Mfalme. Ibara ya 311 ikaweka kinga: mtumishi hafukuzwi wala hashushwi cheo bila kusikilizwa. Kuhamishwa hakukuwekwa ndani ya kinga hiyo, na kwa maoni yangu pengo hilo ndilo lililozaa mengi yaliyofuata.

Aliyejaribu kuliziba mapema alikuwa mtu mzito. E. P. Royappa alikuwa Katibu Mkuu Kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, mkubwa wa watumishi wote wa jimbo. Aprili 1971 aliondolewa kwenye kiti hicho na kupelekwa tume ya mipango. Mwaka uliofuata akapangiwa kazi maalumu ya kupitia sheria za kodi ya mauzo. Alilalamika kwamba vyeo hivyo vilikuwa vya kumweka kando, na kwamba Waziri Kiongozi, M. Karunanidhi, alikuwa akimlipizia kisasi. Novemba 1973 majaji watano wa Mahakama ya Juu walimkatalia. Mshahara haukupungua, walisema, na nia mbaya lazima ithibitishwe kwa ushahidi mzito.

Ila katika hukumu hiyohiyo Jaji P. N. Bhagwati aliandika kwamba uamuzi wowote wa kiholela wa serikali ni adui wa usawa mbele ya sheria. Royappa alishindwa, lakini hoja hiyo ikaja kuwa silaha ya raia wa India katika mashauri ya kila aina, hata yasiyohusu ajira.

Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi mwaka 1975, majaji wenyewe nao walionja uhamisho. Mwaka 1976 majaji 16 wa mahakama kuu za majimbo walihamishwa. Sankalchand Sheth, aliyetolewa Gujarat na kupelekwa Andhra Pradesh, alikwenda mahakamani. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilisema ridhaa ya jaji si lazima, ila Jaji Mkuu wa India ashauriwe kwa dhati, na uhamisho uwe kwa masilahi ya umma. Serikali mpya iliyomrithi Indira Gandhi ikakubali kumrudisha Gujarat.

Mtumishi wa ngazi ya chini hakuwa na bahati hiyo. Mfanyakazi wa shirika la umeme la Gujarat alihamishwa kutoka Surat kwenda Ukai, akagoma kuripoti, akapoteza kazi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilisema alistahili: ukipewa barua nenda, malalamiko yafuate. Kama huna amri ya kusimamisha uhamisho, huna ruhusa ya kukaa nyumbani. Kanuni hiyo inasikika ya haki mpaka ukumbuke kwamba aliyeripoti keshapanga nyumba na kuhamisha watoto shule kabla malalamiko yake hayajasomwa.

Si kila anayepinga ndiye anayeonewa. Katika jimbo la Bihar, walimu wa kike waliomba kuwafuata waume zao wakakubaliwa, na walimu wengine wakaondolewa kuwapisha. Walioondolewa walishinda katika mahakama ya jimbo. Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi huo, na hapo ukali uleule wa sheria ukawalinda wanawake waliotaka kuishi na familia zao.

Uhamisho ukishakuwa fimbo, wanaochapwa ni wale wanaokataa kuinama. Ashok Khemka wa jimbo la Haryana, ofisa aliyejulikana kwa kufichua ubadhirifu, alihamishwa zaidi ya mara 50 hadi alipostaafu mwaka 2025. Mwaka 2013, kwa shauri lililofunguliwa na T. S. R. Subramanian pamoja na wastaafu wenzake wa ngazi za juu, Mahakama ya Juu iliagiza maofisa wawekewe muda wa chini wa kukaa kituoni. Mwaka 2014 serikali kuu iliweka miaka miwili kwa maofisa wa utawala. Walimu na makarani hawakuguswa.

Septemba 2021 Mahakama ya Juu ilimkatalia mhadhiri wa mji wa Amroha aliyeomba kurudi wilaya ya Gautam Buddha Nagar, ambako alishafanya kazi kwa takriban miaka 13: mtumishi hamchagulii mwajiri kituo. Machi 2022, katika shauri la watumishi wa forodha, ikaacha katazo la uhamisho wa kuomba lisimame, ila ikaitaka serikali ifikirie upya hali ya wenza, wenye ulemavu na wenye dharura za kifamilia, kwa kuwa maisha ya familia ni sehemu ya utu wa mtu.

Nasi Watanzania tuna undugu wa kisheria na India. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitumika Tanganyika hadi 1961. Nchini Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hukamilisha kwanza ngazi zote za rufaa ndani ya utumishi kabla ya kutumia sheria za kazi. Kwa hiyo funzo la India linatuhusu: waraka wenye maneno "kila inapowezekana" haumlindi mtu. Vyama vya wafanyakazi vinapoketi na serikali, vidai ulinzi wa familia na muda wa kukaa kituoni viandikwe ndani ya sheria yenyewe.