Tabloid: kabla ya udaku, neno hili lilikuwa kidonge

Ukisikia neno la Kiingereza tabloid unawaza gazeti la udaku: picha kubwa, habari fupi, nani kaachana na nani. Kumbe neno lenyewe limetoka kwenye dawa.

Kwa nini lilihitajika? Twende Tabora. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, akiwa njiani kumtafuta Dk. David Livingstone, na homa ikamlaza tena na tena. Februari 1872 wakarudi wote wawili kutoka Ujiji na kukaa kwenye tembe la hapo Kwihara. Livingstone alijua maana ya kukosa dawa. Januari 1867 watu wawili wa msafara wake walitoroka na mzigo wenye sanduku la dawa, akaandika kuwa alijiona kama mtu aliyehukumiwa kifo.

Hata ukiwa nazo, dawa za enzi hizo zilikuwa kazi. Nyingi ni unga au maji ya chupa. Kwinini unaipima mwenyewe porini, mikono inatetemeka kwa homa. Ukivuka mto unga ukalowa, basi tena.

Ndipo Burroughs Wellcome ya London, kampuni iliyoanzishwa 1880 na Wamarekani wawili, ikauza dawa zilizoshindiliwa kwa mashine, kila kidonge na kipimo chake. Mwaka 1884 ikasajili jina tabloid: ni tablet, yaani kidonge, likapewa mkia wa -oid kama kwenye alkaloid, kundi la kemikali za mimea ambamo kwinini imo. (Kiswahili nacho kina utani wake: tembe ni nyumba ile ya Kwihara, na tembe ni kidonge.) Stanley alibeba masanduku ya kampuni hiyo alipomfuata Emin Pasha, safari iliyoishia Bagamoyo Desemba 1889, pale pale ilipoishia njia ya misafara ya Tabora.

Taratibu watu wakaanza kuita tabloid kitu chochote kidogo kilichoshindiliwa. Tarehe 1 Januari 1901, Alfred Harmsworth, mwenye magazeti wa Uingereza, aliachiwa New York World kwa siku moja. Akalitoa dogo, habari fupi fupi, na kuliita gazeti la tabloid.

Kampuni haikufurahi. Mwaka 1903 mahakama ya Uingereza ikaamua kwamba kwenye dawa jina ni lake peke yake. Kwenye magazeti, lilikuwa limeshaenda.