Kuchungulia ziwa kupitia tundu la barafu

Leo tuache msimbo kando kidogo, ingawa hatuendi mbali. Nataka kuwasimulia jinsi watu wa Amerika Kaskazini wanavyovua samaki chini ya barafu, maana historia hiyo inahusu tatizo tunalolijua sana sisi watu wa kompyuta: utajuaje kinachotokea mahali usipoweza kupaona?

Samaki mwenyewe ni trauti wa ziwani. Anaishi katika Maziwa Makuu ya huko na maziwa mengi ya Kanada. Anapenda maji baridi, kwa hiyo wakati wa joto hushuka kilindini. Majira ya baridi yakifika, maji ya juu nayo hupoa, naye huzunguka karibu kila kina. Ziwa refu haligandi mpaka chini, kwa sababu maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yaliyo baridi kuliko hapo huelea juu, na ndiyo yanayoganda. Chini ya barafu maisha yanaendelea kama kawaida.

Wa kwanza kutatua tatizo hili walikuwa wenyeji wa nchi ile, wakiwemo Waanishinaabe. Mvuvi alitoboa tundu, akalala kifudifudi na kujifunika ili mwanga usiingie. Fikiria unavyochungulia dirishani ukiwa juani: huoni kitu mpaka uzibe mwanga kwa viganja. Mvuvi naye, akishaziba mwanga, aliona ndani ya maji. Kisha alishusha samaki wa kuchonga kwa mbao, akamchezesha kwa uzi. Trauti akija kumwangalia mgeni huyo, mkuki wenye meno kadhaa ulimshukia.

Njia ya pili ni mshipi. Chambo hushushwa mpaka karibu na chini, kisha mvuvi hukiinua kwa mkono na kukiacha kianguke, tena na tena. Mara nyingi trauti huuma chambo kikiwa kinaanguka, kwa hiyo mkono lazima uwe macho wakati mshipi umelegea.

Njia ya tatu ni kijiti chenye kibendera kinachowekwa juu ya tundu. Samaki akivuta, kibendera kinafyatuka. Hapa watu wa programu mtacheka! Kuchezesha chambo ni kama programu inayouliza kila mara, "Upo? Upo?" Kibendera ni programu iliyolala ikisubiri kuamshwa. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kulinda matundu kadhaa huku akinywa chai yake.

Halafu ikaja elektroniki. Mwaka 1957 Carl Lowrance na wanawe, huko Marekani, walianza kuuza sona ndogo kwa wavuvi wa kawaida. Hesabu yake ni rahisi. Sauti husafiri kiasi cha mita 1,400 kwa sekunde katika maji baridi, kwa hiyo mwangwi wa kitu kilicho mita 28 chini hurudi baada ya sekunde 0.04. Pima muda, umepata kina. Baadaye wavuvi wa barafu waliweza kuona chambo chao na samaki anayekikaribia, vyote kwenye kioo kimoja.

Lakini jamani, miaka hiyohiyo samaki wenyewe walikuwa wanaisha, na wavuvi wa matundu hawakuwa chanzo. Maporomoko ya Niagara yalikuwa yamezuia viumbe wa baharini wasipande kwenye maziwa ya juu. Mwaka 1829 mfereji wa Welland ukafunguliwa ili meli zipite, na njia ikapatikana. Lamprei, kiumbe kama mkunga anayejibandika kwa mdomo na kunyonya damu ya samaki, alionekana Ziwa Erie mwaka 1921 na Ziwa Superior mwaka 1938. Ukichanganya na nyavu za biashara zilizovua kupita kiasi, trauti wa Ziwa Michigan walitoweka kufikia katikati ya miaka ya 1950.

Kanada na Marekani zilitia saini mkataba mwaka 1954. Wanasayansi walijaribu maelfu ya kemikali mpaka wakapata moja, TFM, inayoua lamprei wachanga mitoni bila kuwadhuru sana samaki wengi. Ilianza kutumika mwaka 1958, na bado inatumika. Trauti wa Superior wamerudi na wanazaliana wenyewe. Ukiacha kumwaga dawa, lamprei anarudi. Ni kazi ya matengenezo isiyo na mwisho, kama seva yoyote.

Sasa mwaka 2018 kampuni ya Garmin ilitoa LiveScope, sona inayoonyesha samaki akitembea papo hapo, kama video. Unageuza kifaa tunduni na kumtafuta trauti mmoja mmoja. Mimi napenda teknolojia, lakini hapa nasita. Trauti huyu hukua polepole, na mara nyingi hutaga mayai ya kwanza akiwa na miaka 6 au zaidi. Kwa karne nyingi giza la maji lilikuwa kinga yake, kwani mvuvi hodari bado alibahatisha. Kifaa kinapoondoa giza hilo, kinachobaki ni sheria ya idadi ya samaki kwa siku, na mkono wa mvuvi unaokubali kuacha. Nadhani sheria hizo zinapaswa kupigiwa hesabu upya kila kifaa kipya kinapoingia sokoni, kabla matundu hayajawa matupu.