Kipimo cha maji ya uti wa mgongo

Kipimo cha maji ya uti wa mgongo ni uchunguzi wa kitabibu ambao maji yanayozunguka ubongo na ugwe mgongo (kamba ya neva iliyomo ndani ya uti wa mgongo) huchukuliwa kwa sindano na kupimwa maabara. Hutumika hasa kuthibitisha homa ya uti wa mgongo, yaani uvimbe wa tando zinazofunika viungo hivyo, na kutambua chanzo chake. Homa, kichwa kuuma na shingo kukakamaa huweza kuletwa na bakteria, virusi, fangasi au kifua kikuu, na tiba zake hutofautiana.

Namna ya kuchukua

Njia hii ilianzishwa na daktari Mjerumani Heinrich Quincke mwaka 1891. Mgonjwa hulala ubavu akiwa amejikunja, au huketi akiinama. Baada ya ngozi kusafishwa na kutiwa ganzi, sindano nyembamba hupitishwa katikati ya pingili za kiuno, kwa kawaida ya 3 na ya 4, au ya 4 na ya 5.

Hofu na usalama

Baadhi ya ndugu hukataa kipimo wakidhani kitamlemaza au kumuua mgonjwa. Kwa mtu mzima, ugwe mgongo huishia kwenye pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, juu ya mahali sindano inapoingia. Huchukuliwa mililita chache tu kati ya takriban 150 zilizopo, na mwili hutengeneza karibu 500 kila siku. Athari ya kawaida ni kuumwa kichwa kwa muda. Kipimo huahirishwa kukiwa na dalili za uvimbe mkubwa ndani ya ubongo, tatizo la damu kutoganda au maambukizi ya ngozi mahali pa kuchoma. Hata kikiahirishwa, dawa za bakteria hazicheleweshwi.

Matokeo

Maji ya mtu mwenye afya ni maangavu.

* Bakteria: maji huwa na ukungu, seli nyeupe nyingi, protini nyingi na sukari kidogo.
* Virusi: sukari kwa kawaida haipungui.
* Kifua kikuu: sukari hupungua na protini huongezeka; vimelea hutafutwa kwa mashine ya GeneXpert.
* Fangasi wa kriptokoka: huonekana kwa hadubini kwa kutumia wino wa India, au hugunduliwa kwa kipimo cha antijeni.

Tanzania

Kriptokoka huwapata hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Kwao, kutoa maji hupunguza pia shinikizo ndani ya kichwa. Tanzania ilishiriki pamoja na Malawi, Zambia na Kamerun katika utafiti wa tiba wa ACTA, uliotangazwa mwaka 2018.

Mkoani Arusha, mgonjwa wa mtaa kama Sakina anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mount Meru, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na ikibidi KCMC mjini Moshi. Homa ya bakteria inaweza kuua ndani ya saa 24, hivyo kuchelewa ni hatari kuliko sindano yenyewe.