Kisu cha Wawindaji wa Olorgesailie

Ewe msomaji, ungalipewa ruhusa ya kuchukua kisu kimoja tu mwituni, cha kuchunia ngozi, kukatia nyama na kuchongea mti, ungalichagua kipi? Watu wa kale walikabiliwa na swali lilo hilo.

Huko Olorgesailie, kusini-magharibi ya Nairobi, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua katika miaka ya 1940, yametapakaa mashoka ya mkono yasiyo na mpini, mengi ya mawe ya mlima wa karibu. Ni zana nzito, zilizodumu vizazi visivyohesabika.

Lakini yapata miaka 320,000 iliyopita mashoka hayo yalikuwa yamekwisha kuachwa. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba mahali pake palishikwa na zana ndogo, nyingine za kioo cheusi cha volkano. Kioo hicho hakipatikani hapo. Kilitoka umbali wa kilometa 25 hadi 95. Ajabu iliyoje, na mawe tele yako miguuni! Ila makali yake hushinda wembe, ingawa huvunjika upesi. Yamkini hawakukifuata wenyewe kila mara, bali walikipata kwa majirani, kwa kubadilishana.