Uhakiki wa miswada ya kisayansi

Uhakiki wa miswada ya kisayansi ni kazi ya mtaalamu kupima andiko la mtaalamu mwenzake kabla jarida halijaamua kulichapisha. Mhakiki hupaswa kutunza siri ya mswada, kutotumia matokeo yake kabla hayajatoka, kukosoa kwa hoja na kutangaza mgongano wa maslahi. Wajibu huu wa mwisho ndio mzito zaidi katika nyanja ndogo kama utafiti wa chai. Kwa mfano, Kericho nchini Kenya ina Taasisi ya Utafiti wa Chai, kituo kilichotoa aina ya TRFK 306 ya chai ya zambarau. Hata jina la mwandishi wa huko likifichwa, namba ya aina na shamba la majaribio la taasisi hiyo, Timbilil, humtambulisha.

Wapo wanaodai kwamba kumwondoa kila mwenye uhusiano na mwandishi kutaliacha jarida bila wahakiki. Hoja hiyo ina uzito, lakini inadai uwazi, si ukimya: mhariri akiujua uhusiano ataupima, au atatafuta mhakiki Assam au Sri Lanka. Hasara ya uzembe katika uhakiki humwangukia mkulima wa chai, kwani mchai hudumu shambani miongo mingi. Pendekezo bovu likishapandwa, masahihisho ya jarida hayaling'oi.