Likoni na Mlango wa Kilindini
Wengi husema Likoni, Mombasa, ingali na feri kwa sababu Pwani Kusini ilisahauliwa. Lawama hiyo ina uzito, hasa tukikumbuka feri ya Mtongwe iliyopinduka 1994 ikaua watu 272. Lakini haielezi mbona Nyali, upande wa kaskazini, ilipata daraja la kuelea mapema, 1931, na la zege 1980. Tofauti ni mlango wa Kilindini: meli za bandarini hupita hapo Likoni, mbele ya mikokoteni na tuktuk zinazongoja zamu. Utasema daraja la kuelea la Liwatoni la waendao kwa miguu, lililovuka mlango huohuo tangu 2020, lilithibitisha kinyume. Kumbe nalo lilifunguliwa katikati kupisha meli, watu wakasubiri vilevile! Daraja la kudumu hapo sharti lipite juu ya milingoti, na njia za kulipandia zinataka ardhi ambayo tayari ina nyumba za watu.